Lenzi kubwa si hoja: maneno yangu kwa vijana wa Merti na wa kwetu Pwani

Kazi yangu ni kupiga picha, na swali ninaloulizwa zaidi ya yote si namna ya kupanga mwanga wala namna ya kuelewana na mteja. Swali ni hili: "Kaka, lenzi yako ni kubwa kiasi gani?" Hapa kwetu Mombasa ukubwa wa lenzi umekuwa kama ukubwa wa gari. Mpiga picha akiingia ukumbini na lenzi nene kama mkono wa mpiga makasia, watu humpisha. Mwenye lenzi ndogo huulizwa kama bado yuko mafunzoni.

Swali hilohilo sasa limenifikia kutoka Merti, mji ambao huenda mara kwa mara kwa ajili ya kazi. Kwa asiyepajua, Merti iko Kaunti ya Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro, na wenyeji wake wengi ni Waborana, watu wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Kutoka Mombasa hadi Isiolo mjini ni zaidi ya kilomita 750, kisha unaianza barabara ya vumbi. Vijana fulani wa huko wamefanya chama na kuchanga fedha za kununua kamera moja. Wanataka iwafanyie kazi tatu: kupiga picha za mifugo ya kuuza, kupiga harusi na mikutano, na kupiga picha za wanyama wa porini. Fedha zao zinatosha kamera ya kawaida na lenzi mbili tatu za kiasi, au kamera hiyohiyo na lenzi moja kubwa ya kifahari. Wameniuliza wachague lipi.

Nimeona jibu langu nilitoe hadharani, kwa sababu najua vijana wa Likoni, Malindi na Lamu waliokopa ili wanunue lenzi kubwa, na deni linalipwa hata leo. Fedha za chama si mchezo. Wengine wameuza mbuzi ili zipatikane.

Tuanze na tundu

Kabla ya kuzungumzia bei na uzito, tuelewe lenzi inafanya nini. Miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kuhusu mwanga unaopita katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza. Alieleza kwamba jua lililopatwa hutoa sura yake ya hilali ukutani pale tundu linapokuwa dogo vya kutosha. Tundu likipanuliwa, mwanga huwa mwingi lakini sura huvurugika. Tundu likibanwa, sura hubainika lakini giza huzidi.

Shida yetu yote iko hapo. Lenzi ilibuniwa ili tupate vyote viwili: tundu pana la kuingiza mwanga mwingi, na sura iliyo safi. Lakini tundu likizidi kupanuka, miale inayopita pembeni mwa lenzi huwa migumu kuikusanya mahali pamoja. Fundi sharti aongeze vipande vya glasi kurekebisha upotofu huo, na kila kipande kina uzito na bei yake.

Namba iliyoandikwa kwenye lenzi, kwa mfano f/1.8 au f/4, ndiyo inayokuambia upana wa tundu. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, ugawanye kwa namba hiyo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Ya milimita 50 yenye f/1.2 ina tundu la milimita 42 hivi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Sasa tazama mizani. Chukua mbili kati ya lenzi za Canon za milimita 50 za kamera zao za siku hizi. Ile ya f/1.8 ina uzito wa gramu 160. Ile ya f/1.2 ina gramu 950. Ya pili huingiza mwanga mara 2.25 ya ya kwanza, lakini uzito wake unakaribia mara sita. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: mwanga unaongezeka kidogo kidogo, mzigo unaongezeka kwa kasi.

Kuondolewa kwa kioo kulibadilisha nini?

Kamera za zamani zilikuwa na kioo cha kujitazamia ndani yake, mbele ya sensa, kilichopeleka picha juu kwenye jicho la mpigaji. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo hicho. Sony walifuata kwa NEX mwaka 2010, na mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakaingia kwa sensa kubwa kamili kupitia EOS R na Z.

Kioo kilipoondoka, lenzi iliweza kusogea karibu na sensa. Kwa Canon, umbali kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa ulishuka kutoka milimita 44 hadi 20. Kwa Nikon ulishuka kutoka 46.5 hadi 16. Faida yake kubwa imeonekana kwenye lenzi za kupiga mandhari pana, ambazo zamani zilihitaji hila nyingi ili kuruka nafasi ya kile kioo.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani kamera ikiwa ndogo, basi na lenzi zake zote zitakuwa ndogo. Sivyo. Lenzi ya kuvuta mbali haikupungua kwa sababu ya kuondoka kwa kioo. Milimita 600 kwa f/4 inahitaji tundu la milimita 150, na tundu hilo haliwezi kupita ndani ya bomba jembamba, uwe na kioo au usiwe nacho. Lenzi ya Canon ya aina hiyo ina gramu 3,090. Kinachopunguza lenzi kwa kweli ni mambo mawili: kukubali tundu dogo, au kutumia sensa ndogo.

Sensa ndogo na punda milia

Sensa ni ile sehemu ya ndani inayopokea picha. Ile inayoitwa kamili ina milimita 36 kwa 24. Ya APS-C ya Canon ina milimita 22.3 kwa 14.9. Ya Micro Four Thirds, wanayotumia Panasonic na waliyotumia Olympus zamani, ina milimita 17.3 kwa 13. Ukilinganisha eneo, ile kamili ni karibu mara nne ya hiyo ya mwisho. Kwa f ileile na muda uleule, sensa kubwa hukusanya mwanga zaidi, na usiku picha zake huwa na chenga chache. Hilo ni kweli na halina ubishi.

Ila mchana wa Merti una mwanga hadi unaziada. Huko tatizo ni umbali.

Wacha nitoe mfano wa kazi ambayo vijana hawa wanaweza kuifanya. Isiolo ni mojawapo ya kaunti wanamoishi punda milia wa Grevy, wale wakubwa wenye mistari myembamba na tumbo jeupe, ambao wako hatarini kutoweka. Mwaka 2016 na tena 2018, raia wa kawaida, wanafunzi na walinzi wa wanyama walizunguka kaskazini mwa Kenya na kamera ili kuwahesabu. Kila punda milia alipigwa picha ubavu wa kulia. Mistari yake ni kama alama za vidole vya mwanadamu, na programu ya kompyuta iliweza kumtambua mmoja na kumtenga na mwingine. Katika kazi kama hiyo, picha iliyofifia ina maana ya mnyama aliyekosekana katika hesabu.

Tufanye hesabu. Punda milia mwenye urefu wa mita 2.5 amesimama mita 100 kutoka kwako, nawe una lenzi ya milimita 300. Sura yake kwenye sensa itakuwa na urefu wa milimita 7.5, kamera yoyote iwayo. Kwenye sensa kamili ya megapikseli 24, hiyo ni pikseli 1,250 kati ya 6,000. Kwenye APS-C yenye megapikseli hizohizo, ni pikseli 2,000 hivi. Kwenye Micro Four Thirds ya megapikseli 20, ni 2,250 hivi. Lenzi ni ileile na mnyama ni yuleyule, lakini sensa ndogo imempa mistari iliyo wazi zaidi. Mwenye sensa kamili akitaka kufikia hapo atahitaji lenzi ya milimita 500 au zaidi, na hapo ndipo kilo zinapoanza kuhesabiwa.

Hii haina maana kwamba sensa ndogo ni bora. Maana yake ni kwamba kwa kitu cha mbali katika mwanga mwingi, sensa ndogo hukupunguzia mzigo bila kukupunguzia picha. Jua likizama, hesabu inageuka, na mwenye tundu kubwa na sensa kubwa ndiye anayebaki kazini.

Kamba hukatikia pabovu

Wazee husema kamba hukatikia pabovu. Ubora wa picha ni kamba ya namna hiyo. Lenzi ni uzi mmoja tu. Ukinunua lenzi ya thamani kubwa na uzi mwingine ukawa mbovu, picha itakatika hapohapo.

Merti ina pabovu pake. Kwanza ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi huanza kutoa mvuke wa joto, hewa hucheza, na mnyama aliye mbali huonekana kama yuko chini ya maji. Hakuna lenzi duniani inayoponya hilo. Nimewahi kulinganisha picha za saa saba mchana zilizopigwa kwa lenzi ya bei ghali na za saa moja asubuhi zilizopigwa kwa lenzi ya bei nafuu, na za asubuhi zilikuwa safi zaidi bila mashindano. Anayeamka alfajiri ameokoa fedha nyingi.

Pili ni vumbi. Kamera isiyo na kioo ina sensa iliyo karibu na mdomo, na baadhi yao huiacha wazi kabisa unapotoa lenzi. Ukibadilisha lenzi katikati ya soko la mifugo, kundi la ngamia likipita, chembe zitakaa kwenye sensa na kila picha ya mbingu itakuwa na madoa. Kwa hiyo huko lenzi moja ya kuvuta na kurudisha, inayokaa kwenye kamera kutwa, inaweza kukupa picha bora kuliko lenzi tatu kali za urefu mmoja mmoja zinazobadilishwa kila saa.

Tatu ni mkono kutetemeka. Lenzi nzito huchosha, na mkono uliochoka hutikisika. Kitulizo cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi au kamera husaidia kwa kitu kilichotulia. Kwa mbuzi anayeruka hakisaidii. Hapo unahitaji shata ya kasi.

Nne ni mahali picha itakapotazamwa. Mteja wa ngamia ataiona kwenye simu, kupitia WhatsApp, ambayo huibana picha kabla ya kuituma. Hata televisheni ya 4K ina pikseli milioni 8.3 tu. Ukichapa karatasi ya A3 kwa ubora mzuri wa dukani unahitaji milioni 17 na kidogo. Kamera ya megapikseli 20 au 24 imeshavuka hapo. Tofauti ya lenzi mbili ambayo wajuzi huibishania huonekana pembeni mwa picha iliyokuzwa mara nyingi, na ng'ombe hauzwi kwa pembe ya picha.

Na harusi je?

Najua mtu wa Pwani ataniambia: hayo ni ya ngamia, mimi kazi yangu ni harusi. Vyema. Harusi zetu nyingi ni za usiku, ukumbi una taa za rangi, na bibi harusi anatoka akiwa amezungukwa na watu. Hapo tundu kubwa lina haki yake.

Lakini tazama kazi yenyewe ilivyo. Picha ya familia yenye safu tatu za watu haiwezi kupigwa kwa f/1.2, kwa sababu watu wa safu ya nyuma watafifia. Utabana tundu hadi f/5.6 au f/8 upende usipende, na ukishabana, lenzi ya gramu 160 na ya gramu 950 hukaribiana sana. Umebeba tundu kubwa ukalifunga. Picha ambayo kweli inataka tundu kubwa ni ya uso mmoja, hina mkononi, kito shingoni. Kwa hizo f/1.8 inatosha mara nyingi, na taa moja ndogo ya kuelekezwa dari itakupa zaidi ya f/1.2 bila taa.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu lenzi ndogo za siku hizi. Baadhi yake zimefanywa ndogo kwa sababu kamera yenyewe hurekebisha kasoro kwa programu. Canon wana lenzi ya milimita 16 yenye f/2.8 na uzito wa gramu 165 tu. Ni nyepesi ajabu, lakini mistari iliyonyooka hupinda ndani yake, kisha programu huivuta ikae sawa, na kule kuvuta hupunguza ukali wa pembeni. Kwa mandhari haidhuru. Kwa safu ya wageni, usimweke mama mkwe ukingoni mwa picha.

Lenzi na heshima ya mtu

Kuna jambo ambalo halimo katika majedwali ya mauzo. Lenzi kubwa hubadilisha tabia ya mpigaji na ya anayepigwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa. Picha nyingi za ukame tulizoziona sisi wa Pwani ni za mizoga na za kina mama wakichota maji, na nyingine zilipigwa kutoka mbali, mpigaji hakuteremka kwenye gari. Lenzi ndefu ilimruhusu achukue bila kuomba.

Mwenye lenzi ndogo hana njia hiyo. Sharti asogee, atoe salamu, aulize habari za mifugo, aombe ruhusa, na akikataliwa akubali. Picha inayopatikana hapo huwa na macho yanayokutazama, na hilo halinunuliwi kwa milimita. Zaidi ya adabu, kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini shule moja na ukumbi mmoja wa starehe kwa kutumia picha za watu bila idhini. Vijana wanaotaka kazi hii iwe riziki yao wajifunze hilo mapema kuliko namba za f.

Jibu langu

Basi kwa chama cha Merti, nasema hivi. Chukueni kamera ya APS-C yenye megapikseli 24 au karibu na hapo. Lenzi ya kwanza iwe ya kuvuta kiasi, kama ile ya Sigma ya milimita 18 hadi 50 yenye f/2.8, ambayo haizidi gramu 300 na inatosha mikutano, mifugo na sehemu kubwa ya harusi. Ya pili iwe ya milimita 50 yenye f/1.8 kwa nyuso na usiku. Ya tatu iwe ya kuvuta mbali yenye tundu dogo. Canon, kwa mfano, wana ya milimita 100 hadi 400, f/5.6 hadi f/8, yenye gramu 635. Zote tatu pamoja ni gramu 1,095 hivi. Lenzi moja tu ya Canon ya 70 hadi 200 yenye f/2.8, ile inayopendwa sana kumbini, ina gramu 1,070 peke yake, na haitafika kwa punda milia.

Sitaficha hasara zake. Lenzi hizo nyepesi hazina kinga ya kutosha ya vumbi kama za kifahari, kwa hiyo zifunikwe kwa leso au mfuko zisipotumika, na zibadilishwe ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa. Ya kuvuta mbali ni ya mchana. Magharibi ikiingia, irudishwe mkobani. Na betri ziwe tatu, kwa sababu kamera hizi huwasha sensa na skrini muda wote zinapokuwa kazini na hula umeme kwa pupa.

Nani basi anunue lenzi kubwa? Anunue yule ambaye kazi yake imeshamdai. Kama kila Jumamosi unapiga ukumbi wenye giza, picha zinakurudia na chenga, na wateja wanalalamika, basi lenzi ya f/2.8 nzito itajilipa yenyewe. Njia ya kulijua hilo ni rahisi. Fungua picha zako 200 za mwisho kwenye kompyuta, uangalie kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi na f ngapi. Maelezo hayo yamehifadhiwa ndani ya faili. Kisha zile zilizoharibika zigawanye mafungu manne: zilizotikisika, zilizokosa fokasi, zenye chenga kwa uhaba wa mwanga, na zilizopungukiwa na umbali. Fungu lililo kubwa ndilo litakalokuambia fedha ziende wapi. Kama ni la kutikisika au la fokasi, usiende dukani. Nenda kafanye mazoezi.